Manispaa ya Tower Hamlets, London: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia na chaguzi zake

Kila uchaguzi wa madiwani unapokaribia London mashariki, maswali ni yaleyale. Hii halmashauri ni kitu gani? Kwa nini inatajwa sana magazetini? Mimi niliyekuja na pasipoti ya Kenya au Tanzania inanihusu nini? Majibu mengine hapa chini ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni dogo. Mengine ni marefu, maana historia ya Tower Hamlets imebeba mambo ambayo kila mpiga kura angepaswa kuyajua kabla hajaingia kituoni.

Tower Hamlets ni mji, wilaya au mtaa?

Ni manispaa. London imegawanywa katika manispaa 32, na katikati yake kuna Jiji la kale la London lenye utaratibu wake wa peke yake. Kila manispaa ina halmashauri, madiwani, bajeti na kodi yake. Juu yao yuko Meya wa London, anayesimamia mambo ya jiji zima kama usafiri na polisi. Watu humchanganya huyo na meya wa manispaa, kwa hiyo liwe wazi tangu mwanzo: ukurasa huu unamzungumzia meya wa Tower Hamlets.

Manispaa inaanzia pale mpaka wa Jiji la kale unapoishia, inafuata mto Thames kuelekea mashariki, na ndani yake mna Whitechapel, Stepney, Bethnal Green, Bow, Poplar na Isle of Dogs. Eneo lake ni kama kilomita 20 za mraba tu. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 310,300, karibu 15,700 kwa kila kilomita ya mraba, na hakuna mamlaka ya mtaa yoyote Uingereza na Wales iliyobanana kiasi hicho. Katika miaka 10 kabla ya sensa hiyo, watu waliongezeka kwa asilimia 22. Nako hakuna aliyeipita.

Jina hilo lina maana gani?

Ni "vijiji vya Mnara". Mnara wenyewe ni ile ngome ya wafalme iliyo kando ya mto, Mnara wa London. Zamani wanaume wa vijiji vilivyokuwa mashariki ya ngome walitakiwa kutoa watu wa kuilinda. Vijiji vimemezwa na jiji, jina likabaki.

Halmashauri ilianzishwa lini?

Tower Hamlets ya leo ilizaliwa tarehe 1 Aprili 1965, kwa sheria ya serikali za mitaa ya London ya 1963. Madiwani wake wa kwanza walikuwa wameshachaguliwa mwaka mmoja kabla, Mei 1964. Iliunganisha manispaa tatu ndogo zilizokuwapo tangu 1900: Bethnal Green, Poplar na Stepney. Zote tatu zilikuwa za watu wa bandarini, mafundi cherehani, wapagazi na wahamiaji, na zote zilikuwa maskini. Chochote utakachosoma kuhusu siasa za hapa kimeota juu ya udongo huo wa manispaa tatu za zamani.

Ni kweli kwamba madiwani waliwahi kufungwa jela wakiwa madarakani?

Ni kweli, na si diwani mmoja wala wawili. Walikuwa 30. Kama ukurasa huu ungekuwa na nafasi ya swali moja tu, mimi ningelichagua hili.

Mwaka 1919 chama cha Labour kilishinda Poplar kwa viti 39 kati ya 42, na George Lansbury akawa meya wake wa kwanza kutoka chama hicho. Madiwani wengi walikuwa wafanyakazi wenyewe. Waliweka kima cha chini cha mshahara cha pauni 4 kwa wiki kwa watumishi wa manispaa, na wakamlipa mwanamke sawa na mwanamume. Zaidi ya miaka 100 iliyopita! Lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kazi bandarini zilipungua, na watu wasio na ajira wakajaa.

Tatizo lilikuwa hesabu. Kila manispaa ilitakiwa kuwatunza maskini wake kwa kodi ya majengo ya wakazi wake yenyewe. Upande wa magharibi wa London kulikuwa na majumba ya thamani na maskini wachache. Poplar ilikuwa na vijumba vya bei ndogo na maskini tele. Ili kukusanya kiasi kilekile, ilibidi Poplar imtoze mkazi wake maskini kiwango kikubwa mara kadhaa kuliko alichotozwa tajiri wa magharibi. Juu ya hayo, kila manispaa ilitakiwa kukusanya na kupeleka fedha za vyombo vya London nzima: baraza la kaunti, polisi, maji na hospitali za maradhi ya kuambukiza.

Mwaka 1921 madiwani wa Poplar wakasema basi. Fedha za kuwalisha watu wao wangezikusanya, lakini zile za kupeleka London wasingezitoza mpaka matajiri nao wabebe sehemu ya mzigo. Mahakama Kuu ikawaita. Tarehe 29 Julai wakaenda kwa miguu kutoka Bow hadi mahakamani, wapiga ngoma mbele, mbeba siwa ya manispaa kati yao, na bango lililotangaza kwamba Halmashauri ya Poplar inakwenda Mahakama Kuu na huenda ikaishia jela.

Iliishia jela kweli. Mwanzoni mwa Septemba walikamatwa mmoja mmoja majumbani, wanaume wakapelekwa gereza la Brixton na wanawake Holloway. Lansbury, mwanawe Edgar na mke wa Edgar, Minnie, wote walifungwa. Diwani Nellie Cressall alikuwa mjamzito. Huku nyuma watu wa Poplar walikusanyika nje ya magereza usiku wakiimba, na Lansbury akiwahutubia kupitia nondo za dirisha la chumba chake. Kilichofuata sijakisikia kwingine popote: wafungwa walidai wafanye kikao cha halmashauri, na serikali ikakubali. Wanawake wakatolewa Holloway kwa gari wakaletwa Brixton, na kikao halali cha manispaa kikafanyika ndani ya gereza.

Bethnal Green na Stepney zikapiga kura kufuata njia hiyohiyo. Serikali ikaona moto unasambaa. Baada ya wiki sita, tarehe 12 Oktoba 1921, madiwani wakaachiwa bila kukubali kosa wala kulipa, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likapitisha sheria ya kugawana gharama za kuwatunza maskini kati ya manispaa tajiri na maskini. Minnie Lansbury hakufaidi ushindi huo. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 1 Januari 1922, akiwa na miaka 32, na wenzake waliamini gereza ndilo lililomdhoofisha. Iko saa ya ukumbusho wake ukutani katika barabara ya Bow. Ukipita hapo, simama kidogo.

Waziri Mkuu yupi aliwahi kuwa meya huku?

Clement Attlee. Alikuwa meya wa Stepney mwaka 1919 hadi 1920, kabla hajaingia bungeni, na akawa Waziri Mkuu kuanzia 1945 hadi 1951, akiongoza serikali iliyoanzisha huduma ya afya ya taifa. George Lansbury naye aliongoza chama cha Labour kitaifa kuanzia 1932 hadi 1935, na aliyempokea uongozi ni huyo Attlee. Viongozi wawili waliofuatana, wote wamepikwa London mashariki.

Mafashisti waliwahi kushinda hapa?

Miaka ya 1930 walijaribu wakashindwa. Stepney ilikuwa na Wayahudi wengi waliokimbia mauaji ya Urusi, na Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, aliwalenga hao. Tarehe 4 Oktoba 1936 alipotaka kupitisha wafuasi wake waliovaa mashati meusi katikati ya makazi ya Wayahudi, maelfu ya watu walifunga njia. Wayahudi, wapagazi wa Kiayalandi, wakomunisti na wanaharakati wa vyama vya wafanyakazi walijenga vizuizi katika barabara ya Cable, wakapambana na polisi waliotaka kuwafungulia njia Mosley na watu wake. Maandamano yakaghairiwa.

Mwaka uliofuata mafashisti waligombea viti vya baraza la kaunti ya London huko Bethnal Green. Hawakupata kiti, ingawa karibu robo ya kura zilikwenda kwao, na hilo lisisahauliwe. Mwaka huohuo Phil Piratin, Mkomunisti aliyekuwa mstari wa mbele Cable, alichaguliwa diwani wa Stepney. Mwaka 1945 akawa mbunge.

Pana uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo, na ni wa zamani kuliko halmashauri yenyewe. Karibu na Mnara kuna bandari ya St Katharine, na ndani yake limesimama hadi leo ghala la karne ya 19 linaloitwa Ivory House, yaani nyumba ya pembe. London ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na Zanzibar ndiyo iliyokuwa lango kuu la pembe za Afrika Mashariki. Zilizochukuliwa mabegani na wapagazi kutoka Tabora na Ujiji hadi pwani zilishushwa kwenye magati ya aina hii. Limehouse nako kulifunguliwa mwaka 1857 nyumba ya kuwahifadhi mabaharia wa Kiasia na Kiafrika waliokwama London bila meli ya kuwarudisha kwao. Mwafrika hakuanza kuonekana katika mitaa hii juzi.

Bandari zilikwenda wapi, na halmashauri ilifanya nini?

Meli za makontena zilikuwa kubwa mno kwa mabwawa ya ndani ya mji. St Katharine ilifungwa 1968, bandari ya Wapping 1969, na mabwawa ya Isle of Dogs mwaka 1980. Kazi ziliyoyoma.

Kabla ya mwisho huo palitokea kisa ambacho wasomaji wa Afrika wataelewa utani wake mchungu. Isle of Dogs imezungukwa na maji na kuingia ni kwa madaraja machache. Wakazi walichoka kusahauliwa: basi moja, shule hazitoshi, huduma duni. Tarehe 1 Machi 1970, wakiongozwa na diwani Ted Johns, waliziba njia za kuingilia kwa saa chache na kujitangazia uhuru wa upande mmoja, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia Ian Smith kule Rhodesia mwaka 1965. Magazeti ya dunia yakamwita Johns "rais". Hawakutaka nchi, walitaka basi na shule, na baada ya hapo walianza kusikilizwa.

Mwaka 1981 serikali kuu iliunda shirika maalumu la kuendeleza eneo la bandari, likapewa mamlaka ya ardhi na mipango juu ya kichwa cha halmashauri iliyochaguliwa. Ndilo lililoleta minara ya Canary Wharf. Likavunjwa 1998. Maoni yangu ni kwamba minara ililetwa na watu ambao wakazi hawakuwapigia kura, na hadi leo ukisimama Poplar ukatazama kusini, utajiri ule uko mwendo wa dakika 10 tu kwa miguu lakini wengi hawajawahi kufanya kazi ndani yake.

Altab Ali alikuwa nani, na kwa nini anatajwa kila zinapozungumzwa kura za hapa?

Alikuwa kijana kutoka Bangladesh, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Jioni ya tarehe 4 Mei 1978 alikuwa akirudi nyumbani akavamiwa na vijana watatu karibu na Whitechapel, akachomwa kisu akafa. Siku hiyo ilikuwa siku ya uchaguzi wa madiwani London, na chama cha National Front, kilichotaka watu weusi na Waasia waondolewe nchini, kilikuwa kimesimamisha wagombea. Siku 10 baadaye watu wapatao 7,000 walilifuata jeneza lake kutoka Whitechapel hadi mlangoni kwa Waziri Mkuu.

Msiba huo uliwaingiza Wabangladeshi katika siasa za mtaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianza kuchaguliwa madiwani, na leo, wakiwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi, hakuna chama kinachoshinda bila wao. Bustani alipouawa karibu nayo inaitwa kwa jina lake tangu 1998.

Ni kweli kiti kimoja kiliamuliwa kwa kura saba?

Ndiyo. Mwaka 1986 Waliberali waliiondoa Labour madarakani kwa viti 26 dhidi ya 24. Waliigawa manispaa katika vitongoji saba, kila kimoja na mamlaka yake ya nyumba na huduma. Wazo la kuusogeza utawala karibu na wananchi lina uzuri wake. Lakini nyumba za halmashauri zilikuwa chache, na ukaja mpango wa kuwapa kipaumbele watoto wa wenyeji. Kwa maneno ni haki. Kwa vitendo, familia ya Kibangladeshi iliyobanana chumba kimoja ilikuta watoto wa "wenyeji" wamepita mbele yake, na vyama vikashindana nani anamtetea zaidi mzungu wa hapa.

Katika hewa hiyo kata ya Millwall, kule Isle of Dogs, ilifanya uchaguzi mdogo tarehe 16 Septemba 1993. Derek Beackon wa British National Party, chama cha kibaguzi, alipata kura 1,480. Wa Labour alipata 1,473. Saba! Basi dogo moja la abiria waliochelewa. Ilikuwa mara ya kwanza chama hicho kupata kiti cha udiwani popote nchini, na watu wa rangi waliokaa kata ile waliisikia tofauti barabarani.

Jibu lilikuja baada ya miezi minane. Makanisa, misikiti, vyama vya wafanyakazi na kina mama wa mitaa walipita mlango kwa mlango kuandikisha watu. Mei 1994 Beackon alipata kura nyingi kuliko mwanzo, zaidi ya 2,000, na bado akashindwa, kwa sababu waliobaki nyumbani Septemba safari hii walitoka. Labour ikachukua viti vyote vitatu vya kata na halmashauri nzima.

Kwa nini hapa meya huchaguliwa na wananchi?

Kawaida katika manispaa nyingi za Uingereza, madiwani huchagua kiongozi kati yao, kama halmashauri za Tanzania zinavyomchagua meya. Sheria huruhusu wakazi kubadili utaratibu kwa kura ya maoni. Tower Hamlets ilipiga kura hiyo tarehe 6 Mei 2010, 60,758 wakakubali na 39,857 wakakataa. Mwaka 2021 wakaulizwa tena, na zaidi ya robo tatu wakasema meya wa kuchaguliwa abaki.

Meya huyu ana nguvu halisi. Huteua baraza lake la madiwani wasaidizi, huandaa bajeti, na madiwani wengine wanahitaji theluthi mbili ya kura kuibadilisha. Shughuli za joho na mkufu za kupokea wageni, pamoja na kuendesha vikao, anazo Spika wa halmashauri.

Lutfur Rahman aliondolewa na mahakama, kisha akarudi. Iliwezekanaje?

Hapa inafaa kwenda taratibu, maana watu hubishana wakiwa na nusu ya habari.

Rahman alizaliwa Bangladesh na kukulia Tower Hamlets. Alikuwa kiongozi wa halmashauri kwa tiketi ya Labour. Mwaka 2010 wanachama walimteua kugombea umeya, uongozi wa taifa wa chama ukamwengua, naye akasimama kama mgombea binafsi. Msomaji wa Tanzania, ambako mgombea lazima adhaminiwe na chama, atambue kwamba Uingereza jambo hili ni la kawaida kisheria. Oktoba 2010 alishinda kwa kura 23,283, zaidi ya nusu kwa chaguo la kwanza pekee (siku hizo mpiga kura wa meya aliweza kutaja chaguo la kwanza na la pili).

Mei 2014 alimshinda John Biggs wa Labour, kura 37,395 dhidi ya 34,143 baada ya kuhesabu chaguo la pili. Wakazi wanne wakafungua kesi. Tarehe 23 Aprili 2015 jaji wa mahakama ya uchaguzi, Richard Mawrey, alitengua matokeo. Aliona kuwa kulikuwa na udanganyifu katika kura za posta, watu kupiga kura kwa majina ya wengine, taarifa za uongo kwamba Biggs ni mbaguzi, ruzuku za halmashauri kutolewa kwa namna ya hongo, na shinikizo la kidini, akitaja barua ya maimamu 101 iliyochapishwa katika gazeti la Kibangla. Rahman alizikana tuhuma zote. Alizuiwa kugombea kwa miaka mitano. Polisi walichunguza na hatimaye hakushtakiwa kwa jinai, kwani ushahidi haukutosha kwa kiwango hicho.

Hukumu hii iliwagawa watu. Wapo walioiona kama kinga ya kura, na wapo waliouliza, hasa juu ya ile sehemu ya maimamu, kama kiongozi wa dini wa jamii nyingine angepimwa kwa kipimo hicho. Mimi naona maswali yote mawili yana haki ya kuulizwa, na kuuliza la pili hakufuti lile la kura za posta.

Wakati huohuo serikali kuu ilikuwa imeshatuma makamishna kusimamia baadhi ya kazi za halmashauri, kuanzia Desemba 2014 hadi 2017. Biggs alishinda uchaguzi wa marudio Juni 2015, akashinda tena 2018, mwaka ambao Labour ilipata madiwani 42 kati ya 45.

Zuio la Rahman likaisha. Tarehe 5 Mei 2022 akarudi na chama kiitwacho Aspire, akapata kura 40,804 baada ya kuhesabu chaguo la pili dhidi ya 33,487 za Biggs. Aspire ikapata madiwani 24, Labour 19, Conservative mmoja na chama cha Kijani mmoja. Mwaka 2023 manispaa yake ikawa ya kwanza Uingereza kutoa chakula cha mchana bure kwa wanafunzi wote hadi miaka 16, tajiri kwa maskini. Januari 2025 serikali kuu ilituma tena wajumbe wake kuiangalia halmashauri, baada ya ukaguzi uliolalamikia uongozi wake. Kwa wakazi wengi mambo haya mawili, sahani ya mtoto shuleni na ripoti ya wakaguzi, ndiyo mizani wanayoitumia kumpima.

Mimi si raia wa Uingereza. Naweza kupiga kura?

Huenda unaweza, na hili ndilo swali ambalo jibu lake huwashangaza watu wetu walioishi hapa miaka na miaka.

Kama wewe ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, unaishi Uingereza kihalali kwa viza au kibali chochote, na umefika miaka 18, una haki ya kujiandikisha na kupiga kura ya diwani, ya meya, na hata ya mbunge. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo. Msumbiji pia. Mwanafunzi aliyefika Septemba mwenye viza ya masomo anaweza kupiga kura Mei.

Mkongomani, Mrundi, Msomali na Mwomani hawana haki hiyo mpaka wapate uraia wa Uingereza, kwa kuwa nchi zao hazimo katika Jumuiya. Si haki kamili, maana watu hawa hulipa kodi ya halmashauri sawasawa na jirani zao. Lakini ndivyo sheria ilivyo, na kujiandikisha kwa taarifa za uongo ni kosa la jinai, kwa hiyo usimshauri ndugu "ajaribu tu".

Kujiandikisha ni bure, mtandaoni, dakika tano, na utaulizwa namba yako ya bima ya taifa. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Kulipa kodi ya halmashauri hakukuingizi kwenye daftari la wapiga kura. Wengi hudhani hivyo, wakafika kituoni wakarudi.

Nibebe kitambulisho gani?

Tangu Mei 2023 lazima uwe na kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hivyo ile ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda inatosha, hata ikiwa muda wake umepita mradi picha bado inafanana nawe. Leseni ya udereva ya nyumbani haikubaliwi. Kama huna chochote, omba cheti cha bure cha mpiga kura, mapema, angalau siku sita za kazi kabla. Anayevaa nikabu anaweza kuomba aonyeshe uso faraghani kwa mtumishi mwanamke.

Napiga kura ngapi?

Ya meya, moja. Tangu 2023 chaguo la pili limefutwa kisheria: anayeongoza ndiye mshindi, hata kama hakufika nusu. Ya madiwani, idadi sawa na viti vya kata yako (Wakenya wangesema wadi), ambavyo ni kimoja, viwili au vitatu. Kata ni 20 na madiwani 45. Uchaguzi ni kila miaka minne, Alhamisi ya Mei, vituo kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku kwa saa zetu za Kiswahili.

Naweza kugombea udiwani?

Raia wa Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kuishi bila kikomo anaweza, akiwa na miaka 18, awe kwenye daftari la manispaa hiyo au ameishi au kufanya kazi humo kwa miezi 12, na asiwe mwajiriwa wa halmashauri hiyohiyo. Saini mbili za wapiga kura wa kata zinatosha, na hakuna dhamana ya fedha. Umeya una dhamana ya pauni 500 na saini 30.

Halmashauri inashughulika na nini hasa?

Nyumba za kupanga za manispaa, taka, maktaba, bustani, maegesho, vibali vya ujenzi, ustawi wa watoto na wazee, na kodi ya halmashauri. Hospitali si yake. Treni na mabasi si yake. Viza si yake kabisa, usimpigie diwani simu kuhusu viza. Mtafute mbunge.

Vikao vinafanyika wapi, na naruhusiwa kuingia?

Makao yamehama mara kadhaa. Ukumbi wa Bethnal Green sasa ni hoteli. Kwa miaka 30 hivi halmashauri ilikaa Blackwall, katika jengo la kupanga ambalo watu walilazimika kulitafuta. Tangu 2023 iko Whitechapel, ndani ya jengo la zamani la hospitali ya Royal London, mkabala na kituo cha treni na soko la barabarani. Wakazi wengi wa rika fulani walizaliwa ndani ya kuta hizo.

Vikao vya halmashauri nzima viko wazi kwa umma. Unaingia, unapita ukaguzi wa mikoba, unakaa kwenye viti vya wananchi na kusikiliza. Unaweza pia kupeleka swali au ombi lenye saini za wakazi, ukifuata muda uliopangwa kabla ya kikao, na meya au msaidizi wake atatakiwa kukujibu mbele ya watu.